Mwiko na Kalamu: Mpishi wa Temeke na Kitabu Kisichoandikwa Bado

Nilivuka bahari kutoka Unguja kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya harusi ya jamaa yangu. Shughuli ilikuwa Tandika, Wilaya ya Temeke, katika mojawapo ya zile nyumba za vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma, ambazo wakaazi wa pembezoni mwa jiji huziita nyumba za Kiswahili. Nyumba ya namna hii huwapokea wageni barazani, lakini mambo yake makubwa hupitia uani. Alfajiri ile uani palikuwa na majungu matatu juu ya mafiga, moshi wa kuni, na wanawake kiasi cha kumi wakimenya vitunguu. Katikati yao, amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi kama kadhi juu ya kiti chake, alikuwapo mpishi wa shughuli. Kuanzia Tandika na Mtoni hadi Mbagala watu humwita kwa cheo chake tu, Bi Mpishi, nami sitamtaja kwa jina jingine.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila ya kuondoa jicho kwenye vitunguu. Aliposikia kwamba kazi yangu ni kuandika, aliniita karibu.

"Wajukuu zangu wananiandama niandike kitabu cha mapishi," alisema. "Wewe mwanangu unayeshinda na makaratasi, unaonaje? Maana mimi moyo wangu unakwenda na kurudi."

Nikamuuliza kinachomrudisha nyuma ni kipi. Akanihesabia vidoleni mambo matatu. La kwanza, mkono wake haujui mizani. Bizari huitia kwa harufu na chumvi kwa jicho. La pili, bibi aliyemfunza alimwambia kuwa mambo ya jikoni ni amana, hupewa mtu aliyekaa moshini, hayatangazwi barabarani. La tatu, na hapa alicheka kidogo, akishayaandika yote nani atamwita tena kwenye shughuli?

Sikuwa na jibu la maana. Nilikula pilau yake pamoja na wageni wengine, nikapanda boti ya jioni, nikarudi Unguja na swali lake. Makala haya ni jaribio la kumjibu. Njia niliyoichagua ni ya historia: kuangalia chakula cha Pwani yetu kimeandikwa na nani, lini, na kwa faida ya nani, kisha kumrejea Bi Mpishi na hofu zake tatu.

Miongoni mwa watu wa kale waliokiandika chakula chetu ni Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, aliyefika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mnamo mwaka 1331. Mogadishu alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli na kuletwa katika chano kikubwa cha mti, pamoja na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Akapewa pia ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za achari, tangawizi mbichi na maembe. Mombasa alisema chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Msomaji wa Pwani akiipitia orodha hiyo leo hujiona yuko nyumbani. Lakini Ibn Battuta hakukaa chini kuandika alipotoka mezani. Kitabu chake kilikamilishwa mwaka 1355, yeye akisimulia na mwandishi aitwaye Ibn Juzayy akinakili. Miaka 24 ilikuwa imekwisha kupita, na bado aliikumbuka tangawizi. Jambo hili linafaa kukumbukwa: katika maandiko hayo mashuhuri, ulimi ulikuwa wa mtu mmoja na kalamu ya mtu mwingine, na wote wawili majina yao yamebaki. Mpishi wa ule wali wa samli peke yake ndiye asiyejulikana.

Karne tano baadaye alikuja kuandika mtu wa kwetu. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na kuondoka mwaka 1866, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886 kwa jina lake la ughaibuni, Emily Ruete. Ndani yake tunaona jinsi chakula kilivyoingia katika majumba ya baba yake kwa mafungu makubwa, na jinsi mapishi ya Kiarabu, ya Kiajemi na ya Kituruki yalivyokutana katika jiko moja. Ni maandiko yenye uchungu wa mtu aliye mbali na kwao. Hata hivyo Salme alikuwa binti wa Sultani. Alikijua chakula tangu kinapotandikwa, na wale waliokipika wamebaki umati wa watu wanaopita nyuma ya ukuta.

Mwaka 1903 ni mwaka wa ajabu katika habari hii. Mwaka huo, huko Ufaransa, Auguste Escoffier alitoa kitabu chake *Le Guide culinaire*, chenye maelekezo zaidi ya 5,000, na kikawa msahafu wa wapishi wa mahoteli ya Ulaya. Escoffier alikuwa mpishi, na jina lake liko juu ya jalada. Mwaka huohuo, huko Göttingen, Ujerumani, kilitoka kitabu cha Kiswahili, *Desturi za Wasuaheli*. Humo mna jando na unyago, harusi na matanga, na mengine mengi ya maisha ya watu wa Bagamoyo na mrima. Aliyechangia sehemu kubwa kabisa ya kitabu hicho ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyekuwa akifundisha Kiswahili mjini Berlin tangu mwaka 1900. Lakini jina lililo juu ya jalada ni la Carl Velten, Mjerumani aliyekusanya na kuhariri. Mwaka 1905 Mtoro alitaka kurejea nyumbani pamoja na mkewe Mjerumani, na watawala wa koloni wakakataa kumpokea na mke huyo. Akarudi Berlin, akafia huko mwaka 1927. Ilipotoka tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen mwaka 1981, ndipo wasomaji wengi wa nje walipojua kitabu kile ni cha nani. Tofauti ya Escoffier na Mtoro haikuwa katika ujuzi. Mmoja alikuwa na uwezo wa kulipeleka jina lake kwa mpigachapa, na mwingine alipitia mkononi mwa mtu.

Walowezi nao wakafuata. Mwaka 1928, mjini Nairobi, akina mama wa kanisa la St Andrew walitoa kitabu cha mapishi na cha utunzaji wa nyumba kwa ajili ya Wazungu waliohamia Kenya. Ajabu ya vitabu vya aina hiyo ni kwamba vilimhitaji Mwafrika kila ukurasa, kwa sababu mlowezi hakushika sufuria kwa mkono wake. Aliyeishika alikuwa mpishi wake, kwa kawaida mwanamume, aliyeitwa boi hata akiwa na wajukuu. Kitabu kilimfundisha bibi wa nyumba namna ya kuamrisha. Mpishi aliyapika maelekezo hayo kwa miaka 30, akayaongezea ujuzi wake, akastaafu, na hakuna aliyemuuliza.

Kisha ikaja karatasi nyingine, fupi kuliko zote. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilianzisha mgao wa chakula mjini Dar es Salaam, na mgao huo ukafuata rangi: Mzungu fungu lake, Mhindi lake, Mwafrika lake. Serikali ikawa inaamua nani ni mtu wa mchele na nani ni mtu wa mahindi. Tukiziangalia karatasi hizi zote kwa pamoja, ya msafiri, ya binti wa Sultani, ya msomi, ya mlowezi na ya bwana mgao, tunaona jambo moja. Chakula chetu kimeandikwa na aliyekila, aliyekiamrisha na aliyekipima. Aliyekipika bado hajasema kwa jina lake mwenyewe.

Ama kuhusu Dar es Salaam, habari ni nzito zaidi, kwa sababu mji huu haukupata hata wasafiri wa kuusifu chakula chake. Sayyid Majid bin Said alianza kuujenga katika miaka ya 1860 jirani na kijiji cha Mzizima, akafariki mwaka 1870 kabla ya kuumaliza. Wajerumani wakaufanya makao makuu ya koloni mwaka 1891. Waingereza wakaukuta na kuuendeleza umegawanyika mafungu matatu ambayo wenyeji wameyapa majina yasiyohitaji ufafanuzi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uswahilini kulipojaa pomoni, ndipo vikapimwa viwanja vya Waafrika kama vile Temeke na Magomeni. Watu wakaja na majungu yao. Mzaramo alikuwa na muhogo wake na kisamvu chake cha nazi. Mndengereko akaja na wali wa Rufiji. Mchaga akaja na mtori. Mhaya akaja na ndizi. Mngazija na Mshihiri wakawa na vyao. Na dukani kwa Mhindi zikapatikana bizari za wote. Katika karne moja tu, uani wa Kinondoni na Temeke umekuwa kama bandari.

Wako wenzetu wa visiwani wanaosema kwamba Dar es Salaam haina mapishi yake, kwamba ina vyakula vya kuazima tu. Nawaomba wakumbuke kwamba kila jungu la Pwani lina vya kuazima. Uchimbaji wa mambo ya kale kisiwani Pemba umeonyesha kwamba mchele ulishamiri huko kuanzia kiasi cha karne ya 11. Kabla ya hapo watu walikula zaidi mtama na uwele. Muhogo na mahindi vilitoka Amerika baada ya Wareno kufika. Neno pilau lina asili ya Kiajemi, na chapati ina asili ya Kihindi. Basi kama kuazima ni aibu, aibu hiyo ni yetu sote. Dar es Salaam imefanya kama walivyofanya wazee wetu, ila imefanya haraka na mbele ya macho yetu. Chipsi mayai, viazi vilivyokaangwa na kushikamanishwa kwa mayai juu ya karai la moto, ni chakula cha vibanda vya mji ule, na hakuna mtu wa Kinondoni anayehitaji kuelezwa nini maana yake. Mwezi wa Ramadhani nendeni Mwananyamala au Mbagala mkaonje futari ya muhogo, magimbi au maboga iliyoungwa kwa nazi, kisha mnambie kama hayo si mapishi.

Tena chakula cha vitongoji hivi kimebeba historia kubwa kuliko ladha. Chama cha TANU kilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 na Bibi Titi Mohamed akaanza kuwaita wanawake, walioitika kwa wingi walikuwa wanawake wa Uswahilini: wenye vikundi vya ngoma, wauza maandazi, wauza vitumbua, wapika pombe. Hawakuwa na mwajiri wa kumwogopa, na senti zao za karai ziliwapa uhuru wa kutoa ada na kwenda mkutanoni. Haya yasingejulikana sana lau si mwanahistoria Susan Geiger, aliyewafuata wakiwa wamekwisha kuwa watu wazima, akawasikiliza, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1997. Yeye aliyaacha majina yao na maneno yao kitabuni. Kumbe inawezekana kuwa mwandishi wa mtu bila ya kumfuta.

Miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980 ilikuwa ya dhiki. Vita vya Kagera vilikwisha, mishahara ikapoteza nguvu, sukari na sabuni zikawa za kupanga foleni. Watu wa rika hilo wanaukumbuka unga wa mahindi ya njano ya msaada, uliopewa jina la Yanga kwa rangi ya jezi ya timu hiyo, na wanakumbuka namna wanawake walivyotafuta hila ya kuupika ulike. Mshahara wa mume uliposhindwa kufika mwisho wa mwezi, mke alitoa meza nje. Hapo ndipo walipoenea wale tunaowaita mama ntilie, jina lililotoka midomoni mwa wateja wenyewe: mama, nitilie. Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 iliwatazama wengi wa watu kama hawa kwa jicho la mashaka, kana kwamba kuulisha mji si kazi. Hata karne hii, kila kipindupindu kinapozuka, kama kilivyoanzia Kinondoni mwezi Agosti 2015, sufuria ya barabarani ndiyo ya kwanza kutiliwa shaka. Kwa hiyo mama ntilie ameandikwa mara nyingi: katika amri za jiji, katika daftari la bwana afya, katika tasnifu za vyuo. Kitabu chake mwenyewe sijapata kukiona.

Na sasa tumrejee Bi Mpishi.

Hofu yake ya kwanza ilikuwa ya mizani, na hapa wapenzi wa mashairi watanielewa upesi kuliko wengine. Neno hilo la sokoni ni neno letu sisi pia. Shairi letu la kawaida lina mizani minane kila kipande, na hakuna aliyesema kwamba kuhesabu kunaua utamu. Kwa muda mrefu kanuni hizi zilikaa masikioni mwa malenga. Mtu alijifunza kwa kukaa nao, kama Bi Mpishi alivyokaa moshini. Kisha mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, akatoa *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*. Aliyaweka kwenye karatasi yale yaliyokuwa masikioni. Je, ushairi ulikauka? Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa *Kichomi*, diwani iliyoziacha sheria hizo, na pakazuka mabishano makali kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko ambayo yaliwashughulisha washairi kwa miaka. Kanuni zilipoandikwa, aliyezipenda alipata pa kushika na aliyezikataa alipata cha kukataa. Mapishi nayo yanastahili mabishano ya namna hiyo. Leo wapishi wawili wa Temeke wakihitilafiana kama nyanya inaingia katika pilau au haiingii, ugomvi wao huishia uani na hufa na wao.

Hata hivyo sikubali kwamba mkono wa Bi Mpishi hauna mizani. Nilimwona akipima. Kwa kila kilo ya mchele alihesabu watu saba. Kwa kila nazi alijua tui zito litoke kiasi gani kabla ya kutia maji ya pili. Vitunguu aliviondoa motoni vilipofika rangi fulani ambayo aliitambua kabla yangu. Wazee wetu nao walipima: vibaba viwili ni kisaga, vibaba vinne ni pishi, na kila muuza nafaka aliyajua haya. Kipimo cha Bi Mpishi kipo, ila hakijapata kuulizwa kwa subira. Mwandishi anayetaka kumsaidia inampasa akae naye uani na kopo, kijiko na karatasi, apime kila anachokitia kabla hakijaingia chunguni, arudie mara ya pili na ya tatu, na pale ambapo mkono unatofautiana siku hadi siku aandike tofauti hiyo, asiifiche.

Aandike pia kwa lugha ya uani huo. Bizari ambayo sisi Unguja tunaiita uzile, Dar es Salaam wengi wataiita bizari nyembamba, na kamusi itakupa neno jira. Tui zito la mkamuo wa kwanza wazee huliita kasimile, neno ambalo vijana wengi wanalisikia kwa mshangao. Kifumbu, upawa, mkungu, kupalia makaa juu ya wali: maneno haya yanaondoka pamoja na vyombo vyake, kwa kuwa nazi sasa hukamuliwa kwa mashine sokoni na wali unapikwa kwa gesi. Vitabu vingi vya mapishi ya Unguja vinavyouzwa madukani Mji Mkongwe vimeandikwa kwa Kiingereza ili mgeni apate cha kuchukua kwao. Sina ugomvi navyo. Ila mjukuu wa Temeke hataukuta upawa humo.

Hofu ya pili ilikuwa ya amana. Hii ni nzito, na sitaki kuipuuza. Mwiko ni chombo cha kusongea na kupakulia, na mwiko ni jambo lililokatazwa. Bi Mpishi anaushika wa kwanza na kuuheshimu wa pili. Somo na kungwi hawakufundisha hadharani, na walikuwa na sababu zao. Lakini katika Pwani hiihii tuna mfano wa mama aliyefunga amana kwa maandishi. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utendi wa nasaha za dini, adabu na nyumba. Hakutoa kipimo cha bizari, na huenda hakuona haja, kwani binti alikuwa jikoni kwake. Jambo lililompa shime ya kutunga lilikuwa umri: alijua hatakuwapo. Tunalo pia funzo la Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka 1840. Mashairi yake yalibaki vichwani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua alipoyakusanya na kuyafafanua kwa ajili ya William Taylor, na hatimaye yakachapishwa na William Hichens mwaka 1940. Kwa miongo mingi yalitegemea kumbukumbu. Tunayasoma leo na kushukuru, bila ya kujua mangapi yalidondoka njiani. Amana isiyokuwa na wa kuipokea hupotea, na wajukuu wa Bi Mpishi, kwa maneno yake mwenyewe, hawakai moshini. Wako kazini Posta na Mikocheni, wanarudi usiku, wanakula chipsi. Wanaomwambia aandike ndio hao wasioweza kukaa naye. Pengine kitabu ndicho kikao walichobakiwa nacho.

Hofu ya tatu ni ya riziki, na hapa lazima niseme ukweli hata kama unaumiza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoiunda COSOTA, humlinda mwandishi katika maneno aliyoyaandika. Njia ya kupika haimilikiwi na mtu. Akichapisha namna anavyoukausha wali wa watu 300 usishike chini, kesho mpishi mwingine wa Mbagala ataukausha vivyo hivyo, na hakuna mahakama itakayomzuia. Siri ikitoka imetoka. Anachoweza kubaki nacho ni jina na sifa. Je, vinatosha? Naukumbuka mfano wa Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Mtu angeweza kumwambia kwamba sauti ikishanaswa hakuna atakayemwalika tena. Santuri hazikumnyamazisha, ziliifikisha sauti yake kwa watu ambao hawakupata kuvuka kuja Unguja, na jina lake likawa kubwa kuliko kisiwa. Escoffier naye, baada ya kutoa siri zote zile, aliendelea kupikia wateja wake London mpaka mwaka 1920. Lakini Siti na Escoffier walijulikana kabla. Mpishi wa Tandika ana haki ya kuogopa zaidi yao, na mtu asiyeishi kwa jungu asimharakishe.

Kwa hiyo jibu langu kwa Bi Mpishi ni kwamba aandike, kwa masharti. Jina lake likae juu ya jalada, na la anayemnakilia likae chini. Vipimo viwe vyake. Na yale ambayo bibi yake alimkataza kabisa ayaache nje. Kitabu si lazima kiwe na kila kitu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao walikuwa wafanyabiashara waliojua kwamba daftari ni la mwenye mali.

Nilimpelekea maneno haya kwa mkono wa jamaa aliyekuwa akisafiri, pamoja na daftari jipya la kurasa 200. Baada ya wiki kadhaa ikaja picha ya ukurasa wa kwanza, hati ya mjukuu. Hapakuwa na chakula chochote. Palikuwa na majina tisa ya wanawake, kila moja na mtaa wake na alichomfunza: huyu vitumbua, huyu kuchuja tui, huyu kuwatuliza watu chakula kinapochelewa. Saba kati yao mbele ya majina yao mliandikwa marehemu. Ukurasa wa pili ulianza na wali wa nazi: kilo moja ya mchele, watu saba. Chini yake, kwa hati nyingine iliyotetemeka kidogo, paliongezwa: "Wakiwa wametoka makaburini, watano."

Kama kitabu kitachapishwa, mwenyewe hajaamua. Kanambia nisimuulize mpaka Mfunguo Mosi.